MGONGO WA MAMA NA JIWE LA KUSAGIA

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa humu kwa ombi la Halmashauri



Halmashauri ilitutaka mwaka huu tuseme neno juu ya afya ya jamaa zetu walioko nyumbani, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Jambo tulilolichagua laonekana dogo, tena ni la jikoni, na pengine baadhi ya wazee watauliza limepataje kuletwa mbele ya mkutano wa watu wazima. Twaomba subira yao. Twataka kusema habari za mama zetu, wake zetu na binti zetu, namna wanavyopiga magoti, wanavyoinama na wanavyochuchumaa wanapotayarisha chakula, na madhara yanayoipata miili yao kwa sababu ya mikao hiyo.

Neno letu kuu tutalisema mapema, ili asiye na nafasi ya kukaa mpaka mwisho aondoke nalo. Kazi ya kusaga na kutwanga haiwaumizi wanawake kwa kuwa ni nzito tu. Huwaumiza zaidi kwa kuwa hufanywa chini, karibu na ardhi, na mwili ukiwa umekunjwa. Kazi hiyo hiyo ikiinuliwa kutoka ardhini, taabu yake hupungua na unga haupungui. Na kuiinua si jambo la serikali wala la matajiri. Ni jambo lililo katika uwezo wetu sisi tuliokusanyika hapa.

KAZI YENYEWE

Sisi tuliotoka sehemu za Magharibi, karibu na Ziwa, chakula chetu tangu zamani ni mtama na wimbi, na baadaye yakaja mahindi na muhogo. Vitu hivi haviwi ugali wala uji mpaka vimesagwa, na chombo cha kusagia kilikuwa jiwe. Wazee mwalijua sana, lakini vijana wengi waliozaliwa hapa Mombasa hawajaliona, basi yafaa tulieleze.

Liko jiwe kubwa la chini, bapa, lililobonyea katikati kwa kutumiwa miaka mingi. Na liko jiwe dogo la juu, lishikwalo kwa mikono miwili. Msagaji hupiga magoti nyuma ya jiwe kubwa, na vidole vya miguu yake hukunjwa chini ili mwili usiteleze. Hulisukuma jiwe dogo mbele kwa nguvu za mabega na uzito wa kifua, mpaka mgongo wake umelala karibu sawa na jiwe lenyewe. Kisha hulivuta nyuma, na mgongo ukakunjika tena. Hurudia hivyo mara mia, na mara mia nyingine, mpaka unga umelainika. Nafaka ikiwa ngumu huisaga mara mbili.

Mtu atasema, "Hayo ni mambo ya kale, siku hizi tuna mashine." Ni kweli. Katika miaka ya 1920 na 1930 vinu vya kusagia viendeshwavyo kwa maji vilijengwa kando ya mito katika sehemu za Magharibi na za Kati. Baadaye zikaja injini za dizeli, kisha umeme, na leo ni soko gani lisilo na mashine ya kusaga? Twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini kila mwanachama aendaye nyumbani na atazame kwa makini. Wimbi la uji wa mtoto mchanga au wa mzazi, kwa kuwa ni kidogo, mara nyingi husagwa jiweni, maana mwenye mashine hapendi kuiwasha kwa ajili ya gorogoro moja. Karanga za kuunga mboga hupondwa nyumbani. Umeme ukikatika, au shilingi za kumlipa mwenye mashine zikikosekana, jiwe hurudi kazini siku ile ile. Na kinu hakijastaafu kamwe: muhogo mkavu huvunjwa kinuni, na nafaka hukobolewa kinuni. Ndugu zetu wa Ukambani hula muthokoi, nayo ni mahindi yaliyotwangwa kinuni mpaka maganda yametoka.

Tena kazi haiishi jiweni wala kinuni. Baada ya kusaga kuna kupepeta na kuchekecha, na mama huketi chini miguu ameinyoosha, au huinama kutoka kiunoni. Halafu kuna kusonga ugali wa watu kumi juu ya mafiga matatu, naye ameinama, moshi machoni, mkono mmoja umeshika mwiko na mwingine umezuia sufuria isipinduke. Kabla ya hayo yote amekwisha kuteka maji na kuleta kuni. Hivyo mgongo ule ule hufanya kazi hizo zote kwa siku moja, bila zamu.

HESABU YA KINU

Sisi makarani tumezoea kuhesabu, basi tumejaribu kuifanyia kazi hii hesabu. Tuseme mchi una uzito wa kilo 3, uzito ambao mtoto wa shule aweza kuuinua. Tuseme mama hutwanga mapigo 40 kwa dakika, naye hutwanga kwa nusu saa tu. Atakuwa ameuinua mchi ule mara 1,200. Zidisha kwa kilo 3, utapata kilo 3,600. Gunia la mahindi lina kilo 90. Basi kwa nusu saa mama huyo ameinua, kidogo kidogo, uzito ulio sawa na magunia 40.

Mwanamume apakiaye magunia 40 katika lori hapa bandarini hulipwa ujira wake, hupumzika, na jioni watu humwambia pole. Mama aliyetwanga nusu saa huondoka kinuni akaenda kuwasha moto, wala hapana amwambiaye pole, kwa sababu hakuna aliyeyaona magunia yale. Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Walisema juu ya kuweka akiba, lakini maneno hayo ni kweli pia juu ya maumivu. Pigo moja la mchi halimdhuru mtu. Kibaba cha maumivu hujazwa kwa miaka ishirini, na kinapojaa twasema, "Ni uzee."

MWILI WATENDAJE?

Uti wa mgongo ni pingili nyingi za mifupa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na baina ya pingili na pingili mna gegedu laini ipokeayo uzito. Pingili tano za kiunoni ndizo zibebazo mzigo mkubwa kuliko zote za juu yake. Mtu akisimama wima, uzito wa kichwa, mikono na kifua hushuka sawasawa juu ya pingili hizo. Akiinama, uzito ule hutoka mbele na kuning'inia, na misuli ya mgongo hulazimika kuuvuta nyuma usianguke. Ni sawa na mtu aliyeshika debe la maji. Akilikumbatia karibu na tumbo aweza kutembea nalo; akilishika mbali kwa mikono iliyonyooka, hata dakika moja hamalizi. Debe halikuongezeka uzito. Lililobadilika ni mahali lilipo.

Katika miaka ya 1960 tabibu mmoja Msweden, Alf Nachemson, alipima kwa sindano maalumu mkazo ulio ndani ya gegedu hizo katika watu walio hai. Aliona kwamba mtu aliyesimama akiinama mbele, mkazo huzidi kuliko alipokuwa wima, na akiinama huku ameshika kitu kizito, huzidi tena. Basi mama aliyeinama juu ya jiwe, akisukuma kwa nguvu, ameyakusanya mabaya yote pamoja: ameinama, amebeba uzito wa mwili wake mwenyewe, na anarudia bila kupumzika.

Magoti nayo yana malalamiko yake. Mwenye kupiga magoti juu ya ardhi ngumu huyakandamiza kwa uzito wake, na mwenye kuchuchumaa muda mrefu huyakunja mpaka mwisho wa uwezo wake. Na mwanamke mwenye mimba huumia zaidi, maana tumbo humvuta mbele, na mishipa inayofunga viungo vya nyonga hulegea ili mtoto apate njia. Wakati huo ndio mwili wake ulio tayari kuumia, na wakati huo ndio aghalabu asiopunguziwa kazi hata moja.

USHAHIDI WA MIFUPA

Pengine mtu atasema twazungumza kwa huruma tu. Basi na tuwaite mashahidi wasioweza kusema uongo, yaani mifupa ya wafu.

Kaskazini mwa Shamu, kando ya mto Frati, palikuwa na kijiji cha kale kiitwacho Abu Hureyra, ambacho watu wake walikuwa miongoni mwa wakulima wa kwanza duniani. Mwaka 1972 na 1973 wataalamu walikifukua kabla hakijafunikwa na maji ya bwawa. Mtaalamu mmoja wa mifupa wa London, Bibi Theya Molleson, aliichunguza mifupa ya waliozikwa pale, akaeleza habari zake mwaka 1994. Alikuta vidole gumba vya miguu vimeharibika viungo kwa kukunjwa siku nyingi, magoti yana alama za kupigwa chini miaka mingi, na pingili za chini za mgongo zimeumia. Mifupa ya namna hiyo aliiona zaidi kwa wanawake. Alipotafuta kazi iwezayo kudhuru vidole, magoti na kiuno vyote pamoja, aliiona moja tu: kupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Watu wale walikufa maelfu ya miaka iliyopita, hata majina yao hayajulikani, lakini mifupa yao ilikuwa bado yasema walifanya kazi gani.

Shahidi wa pili atoka Ulaya. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Bibi Alison Macintosh na wenziwe, walilinganisha mifupa ya mikono ya wanawake wakulima wa kale wa Ulaya ya Kati na ya wanawake wa siku hizi. Waliona kwamba, kwa kadiri ya miili yao, mikono ya wanawake wakulima wa kwanza ilikuwa na nguvu kuwapita wanawake wapiga makasia hodari wa Cambridge kwa asilimia 11 mpaka 16. Nao walidhani kwamba sababu moja kubwa ni kusaga nafaka kwa jiwe saa nyingi kila siku.

Angalieni, Wazee wetu, mashahidi hawa wawili hawapingani. Mmoja asema kazi hii huujenga mkono, na mwingine asema huuvunja mgongo. Yote mawili ni kweli. Mama aliyesaga maisha yake yote ana mikono ya kumshinda mwanamichezo, naye hawezi kuinuka kitandani asubuhi bila kushika ukuta. Kwa hiyo asitokee mtu kusema kwamba wanawake ni dhaifu. Si udhaifu uliowaumiza, bali nguvu zao zilitumiwa katika mkao mbaya.

Na shahidi wa tatu ni tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, ambaye mwaka 1700 alichapa kitabu juu ya magonjwa ya wafanya kazi. Aliandika kwamba mikao isiyofaa huleta magonjwa polepole, na akawashauri matabibu wenziwe wamwulize kila mgonjwa, kazi yako ni gani? Imepita miaka mia tatu na zaidi. Twadhani swali hilo halijafika katika zahanati zote. Mama huenda akasema kiuno chaniuma, akapewa vidonge, akarudi nyumbani kwenye jiwe lile lile. Vidonge vikiisha, maumivu huanza upya, maana kilichoyaleta hakikuguswa.

HEKIMA ILIYOKWISHA KUWAKO

Tusidhani kwamba maarifa ya mambo haya hutoka ng'ambo tu. Mwaka 1986 palichapwa habari za uchunguzi uliofanywa hapa Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu wabebao mizigo, hawa kwa kichwa na hawa kwa ukanda wa paji la uso. Wataalamu walipima pumzi zao wanapotembea. Walistaajabu kuona kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea jasho lolote. Ilikuwa kama kwamba hawakubeba kitu. Askari na wengine waliopimwa kwa mizigo ya mgongoni hawakuweza hivyo. Basi mama zetu ni mabingwa wa kubeba, nao walijifunza ubingwa huo wenyewe, tangu utoto, bila kitabu.

Lakini tusiipokee habari hii nusu. Mwanamke wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. Mtungi wa plastiki wa lita 20 una kilo 20 za maji. Tayari umempita kwa kilo 8, na kuanzia hapo kila kilo humlipisha nguvu. Mwenye kumpa mkewe mtungi uliojaa na kusema "amezoea" hajaifanya hesabu.

Majirani zetu nao wana la kutufundisha. Katika nchi ya juu ya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, jiwe la kusagia hujengewa msingi wa mawe na udongo, nalo likakaa juu, na msagaji husaga amesimama. Ni jiwe kama la kwetu na nafaka ni ngumu kama ya kwetu, ila magoti hayagusi ardhi. Hapa Pwani tunapokaa, itazameni mbuzi ya kukunia nazi. Aliyeibuni alifahamu jambo kubwa, kwamba uzito wa mtu aliyeketi juu ya kibao waweza kukishika chombo, na mikono miwili ikabaki huru kwa kazi. Upungufu wake ni mmoja, kwamba kibao ki chini mno, na mama huinama juu ya sinia. Tumeona wengine wakiipandisha mbuzi juu ya benchi pana na sinia juu ya kigoda. Nazi hukunwa vile vile, na mgongo ukanyooka.

HOJA ZA WAZEE

Tulipozungumza na baadhi ya wazee kabla ya mkutano huu, walitupa hoja zao, nasi twaziheshimu. Yafaa zijibiwe mbele ya wote.

Hoja ya kwanza: bibi zetu walisaga, nao waliishi miaka mingi. Ni kweli, wengine waliishi sana. Lakini tukumbuke walivyoishi. Nani kati yetu hakumjua bibi aliyetembea ameinama na mkongojo, uso umetazama ardhi? Tulidhani huo ni mkao wa uzee, lakini huenda sehemu yake ulikuwa mkao wa jiwe, uliokataa kumtoka hata kazi ilipokwisha.

Hoja ya pili: mwanamke asipoinama atakuwa mvivu. Twajibu kwamba mfua chuma huweka fuawe juu ya gogo, na seremala huweka ubao juu ya meza, na sisi makarani hupewa meza na kiti. Hakuna awaitaye wavivu kwa sababu hawafanyi kazi zao chini. Fundi mwema huinua kazi yake ifike mikononi, na mama ni fundi wa chakula.

Hoja ya tatu: jiwe ni urithi na mahali pake pana desturi. Hoja hii ni nzito, wala hatuidharau. Katika Torati ya Musa ilikatazwa kulichukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kulichukua ni kuuchukua uhai wa nyumba. Jiwe lina heshima. Lakini hatusemi litupwe, wala liuzwe kwa watalii. Twasema liinuliwe. Kitu cha heshima kikiinuliwa juu, heshima yake haipungui.

Hoja ya nne ni ya fedha, nayo tutaijibu mwishoni.

DAWA ZILIZO RAHISI

Kwanza, jiwe. Lijengewe msingi wa matofali ya udongo au mawe, imara, usiotikisika. Kipimo kimo katika mwili wa msagaji mwenyewe: asimame wima, akunje mkono, na uso wa jiwe uwe chini ya kiwiko chake kiasi cha shibiri moja. Asipimiwe na mume wala na fundi, maana wanawake hawana urefu mmoja. Palipo na mama na mkwewe, wapatane kipimo cha kati, au aliye mfupi awekewe jukwaa dogo la kukanyaga. Jiwe lielekee chini kidogo upande wa mbele, unga uteremkie chomboni. Kulibeba jiwe mpaka juu ya msingi ni kazi ya wanaume.

Pili, kinu. Fundi achongaye kinu kipya aambiwe akifanye kirefu, mtwangaji asikunje kiuno. Kinu kifupi kilichopo kiwekwe juu ya jukwaa la udongo ulioshindiliwa sana, kisiyumbe. Nafaka inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kutwangwa, maganda hulegea na mapigo hupungua. Tena watwange watu wawili kwa zamu, mchi huu ukipanda na ule ukishuka, kama walivyofanya wazee wa kike kwa nyimbo. Nyimbo zile hazikuwa mchezo. Zilipanga pumzi na kumpa kila mmoja nafasi ya kupumzika baina ya pigo na pigo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, jiko. Mafiga yajengewe jukwaa la udongo, sufuria ifikie kiuno. Mama atasonga ugali akiwa wima, na mtoto mchanga atambaaye hatafika motoni kwa urahisi. Faida ni mbili kwa udongo mmoja.

Nne, mizigo. Mtungi wa lita 20 ugawanywe kuwa miwili ya lita 10. Mahindi ya mashine yasingoje mpaka gunia lijae; na palipo na baiskeli au mkokoteni, visiwe vya mwanamume kwenda sokoni tu. Wavulana wapelekwe mashineni na kisimani. Mvulana ashikaye mchi leo hatakuwa mume wa kusema kesho kwamba kazi hiyo si kitu.

Tano, mapumziko. Mwenye mimba na aliyejifungua karibuni waondolewe jiweni na kinuni kabisa. Hili halina gharama hata ya senti moja.

OMBI LETU MBELE YA MKUTANO

Sasa twaijia hoja ya fedha. Wanachama wote mwajua kwamba fungu kubwa la mchango wetu hutumika kumsafirisha marehemu kutoka Mombasa mpaka nyumbani, safari ya zaidi ya kilomita 800. Hiyo ni kazi njema, na ndiyo iliyotukusanya tangu mwanzo. Mtu akifa leo, kabla jua halijatua fedha zimepatikana. Hatuombi jambo hilo lipunguzwe. Lakini twauliza kwa unyenyekevu: je, chama kiwezacho kumbeba maiti safari ndefu namna hiyo, hakiwezi kuinua jiwe moja kimo cha kiuno kwa ajili ya mama aliye hai? Matofali ya udongo hufyatuliwa nyumbani. Mawe yapo. Kinachotakiwa ni ujira wa fundi wa siku moja, na zaidi ya huo, ni ruhusa ya wazee. Bila neno la mzee wa nyumba, hakuna mke wala mkwe atakayethubutu kuliondoa jiwe mahali lilipowekwa na mama wa mumewe.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo matatu. La kwanza, Halmashauri itenge fungu dogo katika mapato ya mwaka ujao, kwa ajili ya kusaidia nyumba za wajane na wakongwe ambazo hazina mwanamume wa kujenga. La pili, kila mwanachama aendaye nyumbani mwezi wa Desemba ajenge kwa mikono yake mwenyewe msingi mmoja, wa jiwe au wa jiko, kisha ampe karani habari, nasi tutaiandika katika ripoti ya mwaka ujao kama tunavyoandika michango. La tatu, kamati ya wanawake iulizwe kwanza kabla fundi hajaitwa, maana wao ndio wajuao panapouma. Tusije tukajenga vitu vya kutupendeza sisi na kuwachosha wao.

Kenya inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na kwa sheria hiyo mkaguzi aweza kuingia kiwandani akamwuliza mwenye mali kwa nini wafanya kazi wake wanaumia. Lakini mkaguzi huyo hapiti vijijini kukagua jiwe la mama wala mafiga yake. Mlango wa jiko una mkaguzi mmoja tu, naye ni mzee wa nyumba ile. Wazee wetu, kazi hiyo ni yenu. Mtakapofika nyumbani, tunawasihi msiulize tu ng'ombe wangapi wamezaa na mahindi yamejaa magunia mangapi. Ulizeni pia, mgongo waumaje? Kisha ngojeni jibu, maana mama zetu hawakuzoea kuulizwa, na jibu la kwanza watakalolitoa ni kwamba hakuna neno.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha.  Twauacha uamuzi mikononi mwa mkutano.